Alilipia Besi, Akapata Kambare: Uchambuzi wa Safari Moja ya Uvuvi Ziwa Naivasha

Lalamiko lilifika kwa ujumbe wa simu jioni ya siku hiyohiyo, nalo lilikuwa fupi: "Tulilipia besi, tukapelekwa kwa kambare." Aliyelituma alitaka nusu ya pesa zake. Dalali aliyeuza safari ile akamgeukia mwongozaji. Mwongozaji akasema harudishi hata shilingi, kwa sababu kazi aliifanya. Mimi nilikuwamo botini tangu asubuhi, nimeketi nyuma karibu na nahodha, na pande zote mbili ziliniomba niseme nilichokiona. Nimeona afadhali nikiandike chote, maana ugomvi wa namna hii huzuka Naivasha mvua za masika zinapokolea, na watu hulaumiana juu ya samaki ilhali penye neno ni kwenye maji.

Wateja walikuwa wawili. Mmoja ni kijana anayefanya kazi Texas, aliyerudi nyumbani likizo mwezi wa tano. Wa pili ni baba yake, mwalimu mstaafu kutoka Nakuru, ambaye hakuwa amewahi kushika fimbo ya kuvulia. Kijana alikuja na fimbo zake, rili zake na kisanduku cha chambo bandia za kila rangi. Tangazo la dalali lilikuwa limemwambia kwamba besi ni wa uhakika mwaka mzima. Alituma malipo ya awali kwa M-Pesa bila kuuliza swali, na sidhani kuna mtu wa kumlaumu kwa hilo. Anayenunua kitu kwa mtu wa mahali huamini kwamba mtu wa mahali anajua.

Besi mwenye mdomo mpana ni samaki wa Marekani Kaskazini. Naivasha aliletwa na binadamu mwaka 1929, enzi za ukoloni, ili walowezi wapate samaki wa kuvua kwa burudani. Tilapia ilikuwa imetangulia mwaka 1925. Kabla yao ziwa hili lililo juu karibu mita 1,890 kutoka usawa wa bahari lilikuwa na aina moja tu ya samaki wake wa asili, mdogo kiasi cha kidole, ambaye mara ya mwisho alionekana mwaka 1962. Kwa hiyo samaki unaowaona kwenye meza za wachuuzi wa Karagita na Kamere, vitongoji vya kando ya ziwa, wote ni wageni au uzao wa wageni. Yule kijana alikuwa sahihi kudhani kwamba anamfuata samaki anayemfahamu. Asichokijua ni nyumba anayokaa samaki huyo huku.

Tuling'oa nanga saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mazungumzo yaliyoamua safari nzima yalichukua muda mfupi kuliko kufunga jaketi za kuokolea.

"Mdomo wa mto uko wapi?" kijana aliuliza.

"Upande wa kaskazini, kaka. Lakini siku hizi Malewa imejaa."

"Basi twende huko. Besi hupenda maji yanayoingia."

Mwongozaji alimtazama mzee. Mzee akatabasamu, akasema, "Mwanangu ndiye anayeyajua mambo haya." Nahodha akageuza boti kaskazini.

Kwa Texas, kijana alisema kweli. Vijito vinapoingia ziwani, samaki wadogo hukusanyika, na besi huwafuata. Huko pia wavuvi huhesabu mwaka kwa joto la maji: besi huingia kina kifupi kutaga maji yanapopata moto baada ya baridi kali, kisha hurudi kilindini. Naivasha iko karibu na ikweta, na joto la maji yake halipandi wala kushuka kwa kiasi hicho. Kinachowasogeza samaki huku ni mvua na kimo cha ziwa. Malewa huleta takriban asilimia 80 ya maji ya mito yanayoingia Naivasha, na mwezi wa tano huteremka na udongo wa mashamba ya Nyandarua. Ukingo wa mafunjo ambao zamani ulichuja udongo huo umekatwa sehemu nyingi. Hivyo mahali ambapo mvuvi wa Texas angeanzia ndipo mvuvi wa Naivasha, msimu wa masika, anapopaswa kupakimbia.

Mwongozaji alilijua hilo. Nina hakika, kwa sababu tulipofika alitoa kifuniko cheupe cha ndoo, kilichofungwa kamba na kipande cha chuma, akakiteremsha majini kando ya boti. Kikapotea kabla kamba haijazama urefu wa kiganja. Akakivuta juu, akakikung'uta, akakiweka chini ya kiti, asiseme neno. Kipimo hiki rahisi cha uwazi wa maji ndicho chombo bora kuliko vyote vilivyokuwa botini siku ile, kuliko rili na hata kuliko kile kiskrini cha kuonyesha kina. Kilitoa jibu, na jibu likabaki chini ya kiti.

Kwa nini jibu lile lilikuwa zito hivyo? Besi huwinda kwa macho. Husimama kivulini, kwenye kisiki au ukingo wa mafunjo, akingoja kitu kipite karibu, kisha hurukia. Ana pia mstari wa pembeni wa mwili unaohisi mitikisiko, na huo humsaidia maji yanapochafuka kidogo, lakini eneo lake la kuwinda hupungua sana. Chambo kikimpita umbali wa mkono mmoja kwenye tope, kwake hakijapita kabisa. Tatizo halikomei kwenye kula. Dume la besi hufagia kiota cha mviringo chini ya maji ya kina kifupi, kisha hulinda mayai na vifaranga. Udongo ukitua juu ya mayai, mayai hukosa hewa.

Tope lenyewe si la mto peke yake. Mwaka 2001 wavuvi wa Naivasha walianza kunasa samaki ambaye hakuwamo, yaani kapi, aliyeponyoka kutoka mabwawa ya ufugaji ya nyanda za juu na kushuka na Malewa. Kapi hula kwa kuchimba. Huingiza mdomo kwenye matope, hunyonya, hutema, na kila anapofanya hivyo maji huchafuka. Haikupita hata miaka 10 kabla hajawa samaki anayejaza mitumbwi kuliko wengine wote. Kwa mchuuzi hii ilikuwa neema, na sina haki ya kuidharau neema hiyo, kwani ni kapi aliyerudisha chakula na karo kwa nyumba nyingi za wavuvi baada ya miaka ya nyavu tupu. Kwa besi ilikuwa dhiki. Kapi huwala pia kamba wekundu wa Louisiana, walioletwa ziwani mwaka 1970, ambao walikuja kuwa mlo mkuu wa besi wakubwa. Kwa hiyo maji yameingia giza, na sahani imepungukiwa.

Tulikaa pale kaskazini zaidi ya saa nzima. Kijana alirusha vizuri mno. Chambo kilitua alipotaka kitue, bila kishindo. Hakuguswa hata mara moja. Mzee aliwatazama wanandi waliokuwa wakianika mbawa zao, akauliza majina ya ndege, akanywa chai yake. Hatimaye mwongozaji akasema kwa upole, "Kaka, ukinikubalia, tujaribu Crescent." Kijana akakubali, ila uso ulikuwa umeshaanza kubadilika.

Kisiwa cha Crescent kiko upande wa mashariki. Ni mabaki ya ukingo wa kreta, na maji yaliyo ndani ya mkono wake ndiyo yenye kina kikubwa zaidi katika ziwa zima, wakati sehemu nyingine kubwa ya Naivasha ni ya kina cha mita chache tu. Matope ya Malewa hayafiki huko kwa urahisi. Zaidi ya hayo, ziwa limepanda sana tangu ukame wa 2009, hasa mwaka 2020, na limeifunika migunga mingi iliyokuwa nchi kavu. Miti hiyo imekufa imesimama. Kwa mwenye shamba ni hasara, lakini kwa besi kila shina ni nguzo ya kujibanza. Kifuniko cha ndoo kiliposhushwa pale kilionekana hadi karibu urefu wa mkono mzima, na safari hii mwongozaji alimwonyesha kijana.

"Weka nyeusi, kaka," akasema. "Ile yenye kijiko kinachozunguka. Na uivute polepole, ipite shina kwa shina."

Kijana alishangaa kuambiwa nyeusi kwenye maji hafifu, lakini hapa mwongozaji alikuwa bingwa na alijua anachosema. Katika maji yasiyo safi, rangi za kung'aa hufifia upesi, ila umbo jeusi huonekana dhidi ya mwanga wa juu. Kijiko kinachozunguka hutoa mtikisiko, na mtikisiko humwita besi hata kabla jicho halijaona. Kuvuta polepole humpa muda wa kulenga. Rusho chache baadaye, besi wa kwanza akapiga, mdogo, akaruka juu ya maji kama kawaida yao. Wa pili alikuja baada ya kitambo, ametoka upande wa kivuli wa shina nene, na huyo alizidi kilo. Kijana alipiga ukelele ambao furukombe mmoja aliujibu kutoka mtini. Akawarudisha wote wawili majini.

Lau upepo usingekuja, nadhani lalamiko lisingeandikwa. Lakini Naivasha ina tabia yake: asubuhi hutulia, na kuanzia karibu saa sita mchana upepo husukuma. Kwa kuwa ziwa ni la kina kifupi, mawimbi yake huwa mafupi na yenye kuta, na hupiga boti ndogo vibaya kuliko mtu anavyodhani akitazama kutoka ufuoni. Kijana alitaka kuzunguka kisiwa afuate mstari mwingine wa miti upande wa wazi. Nahodha akakataa. Mwongozaji akamuunga mkono bila kusita, na hapo sina la kuwalaumu hata kidogo. Ziwa hili limezamisha watu, na viboko wake wameua wavuvi wengi, hasa wale wanaoingia kwa miguu na nyavu kwenye kina kifupi. Mwaka 2018 kiboko alimuua mtalii kutoka Taiwan ufuoni. Boti iliyozimikiwa injini ikasukumwa na mawimbi hadi kwenye mafunjo, ambako viboko hujificha mchana, iko katika hatari ambayo hakuna besi anayeilipia.

Wakaipeleka boti kwenye ghuba iliyokingwa na upepo. Maji yalikuwa ya kahawia. Mwongozaji akafungua mkebe wa maini ya kuku, akafunga ndoana kubwa kwenye fimbo ya ziada, akampa mzee.

Kambare ni kinyume cha besi karibu kwa kila jambo. Macho yake ni madogo na hayategemei sana. Ana ndevu jozi nne kuzunguka mdomo, na kwa hizo huonja na kunusa chini gizani. Maji yakipungukiwa hewa hupanda juu akavuta hewa ya nje, kwa sababu ana kiungo maalumu cha kuipumulia. Mafuriko hayamsumbui. Hayo ndiyo majira anayoingia kwenye majani yaliyofunikwa na maji akataga. Kwa kawaida hula zaidi usiku, ila tope zito humtoa hata mchana. Naivasha aliripotiwa mwaka 2012, na njia inayotajwa zaidi ni ileile ya kapi: mabwawa ya kufugia yaliyo juu, mvua kubwa, kisha mto. Tukumbuke kwamba kuanzia 2009 serikali ya Kenya ilihimiza uchimbaji wa mabwawa ya samaki karibu kila pembe ya nchi, na tilapia na kambare ndio waliopandwa.

Chambo cha kambare lazima kinuke. Maini, matumbo ya tilapia, nyama iliyolala, vyote vinafaa, na wapo wavuvi wanaotumia vipande vya sabuni na wakanasa vizuri. Mzee hakungoja sana. Fimbo ilipinda, akasimama ghafla mpaka nahodha akamshika mkanda, na baada ya mvutano mrefu akapandisha kambare ambaye angefika kwapani kwangu kama ningemlaza kwenye mkono. Mwongozaji alimwonyesha namna ya kumshika nyuma ya mapezi ya kifuani, kwa maana mapezi hayo yana miiba inayochoma hadi kwenye mfupa. Mzee alicheka kwa sauti ambayo sikuisikia tena siku ile. Kijana alimpiga baba yake picha, akazikunja fimbo zake, akaketi.

Hukumu yangu kuhusu majini ni kwamba mwongozaji hakukosea kuhamia kambare. Upepo ulikuwa umefunga Crescent, tope lilikuwa limefunga kaskazini, na saa zilizolipiwa zilikuwa bado zipo. Njia nyingine ilikuwa kurudi nchi kavu mapema. Lakini alihama bila kuuliza, na hapo ndipo mteja alipohisi amegeuziwa bidhaa. Maneno machache yangetosha: besi kwa leo hatuwezi tena kwa sababu ya upepo, naweza kuwapeleka kwa kambare au tukarudi, mwaonaje? Mtu aliyechagua mwenyewe hana wa kumshitaki.

Kosa zito zaidi lilikuwa ule ukimya wa asubuhi, na ule ninauelewa kuliko watu wengi watakavyouelewa. Kwetu, kumwambia kijana mbele ya baba yake kwamba hajui anachosema ni kumvunjia heshima, hasa baba akiwa ameshasema kwa fahari kwamba mwanawe ndiye ajuaye. Mwongozaji alichagua adabu. Hata hivyo adabu ina milango mingi. Angeweza kukitoa kifuniko kile pale gatini, kabla ya kupanda, akasema, "Mzee, kwa desturi yetu tunapima maji kwanza, nitawaonyesha tukifika." Mto ungemsahihisha kijana kwa niaba yake, bila mtu kuaibika, na wangeipata asubuhi yote ya Crescent wakati maji yametulia.

Kuhusu dalali sina maneno mengi. Kuuza besi wa uhakika mwezi wa tano ni kuuza kisichokuwepo. Januari na Februari, ukame ukiwa umekaza na mito imepungua, ningemwelewa mtu anayesema kwamba nafasi ni nzuri. Uhakika hakuna msimu wowote.

Na lipo neno moja ndani ya lalamiko ambalo halikuwa la haki: "tulilipia". Botini walikuwamo wateja wawili. Mzee hakulalamika. Alishuka akiwa na samaki wa kulisha nyumba, na tukiwa gatini alimwambia nahodha kwamba hajafurahi hivyo tangu astaafu. Tangazo, malipo na mpango vilimtazama kijana pekee kwa kuwa ndiye mwenye fimbo na simu. Waongozaji wengi hufanya hivyo, humhudumia anayejua na kumsahau anayesindikiza, ilhali ni mara nyingi huyo wa pili ndiye anayeamua kama familia itarudi. Siku ile mwongozaji alimkumbuka, ingawa ni upepo uliomkumbusha.

Lipo jambo jingine lililotokea gatini ambalo lalamiko halikuligusa, na mimi naliona ndilo kubwa kuliko mengine yote ya siku ile. Ndoana ya mzee ilikuwa imenasa pia kambare mdogo, naye alikuwa bado hai ndani ya ndoo. Mzee ana bwawa dogo nyumbani.

"Huyu nitakwenda naye akiwa hai, nimtie bwawani kwangu akue," alisema.

"Hapana, mzee wangu," mwongozaji akamjibu papo hapo. "Huyu ama namchinja hapa, ama anarudi ziwani."

Mzee alishangaa. Yule yule aliyeshindwa kumpinga kijana asubuhi sasa alisimama imara mbele ya mtu wa umri wa baba yake, akamweleza kwa utaratibu jinsi kapi na kambare walivyofika Naivasha, kwamba mvua moja kubwa hutosha kuvusha samaki kutoka bwawa la mtu hadi mtoni, na mtoni hadi ziwa jingine. Mzee alisikiliza mpaka mwisho kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi mzuri. Samaki akachinjwa.

Mzee naye alikuwa na swali lake: inakuwaje mtu amvue samaki kisha amrudishe? Kijana alimwambia ndiyo desturi ya huko. Mimi nakubaliana na kijana kuhusu besi, kwa sababu besi mkubwa wa Naivasha leo ni wa kutafutwa, na dume lililoondolewa kwenye kiota huacha vifaranga vikiliwa. Kambare na aliwe. Wengi wanaoipenda fimbo hawakubaliani nami katika nusu ya pili, nasi tumebishana sana, lakini sijasikia sababu ya kumrudisha samaki mgeni, mlaji wa kila kitu, anayeongezeka bila kusaidiwa, wakati ufuoni kuna watu wanaohitaji kitoweo.

Pesa ziliishia hivi: dalali alimrudishia kijana sehemu aliyokuwa amekata kama ushuru wake wa kuuza safari, kwa kuwa ahadi ilikuwa yake. Mwongozaji na nahodha walibaki na malipo yao yote. Kijana aliridhika, akaomba aelezwe mwezi wa pili hali ya maji huwaje.

Siku hizi mteja akimpigia mwongozaji yule akitaka besi, humuuliza kwanza wanakuja wangapi na kila mmoja anataka nini, kama wana leseni za uvuvi wa burudani au awasaidie kuzikata, na kama watafurahi wakipata kambare iwapo maji yatakataa. Kisha humwambia: "Nitapima maji asubuhi, nikutumie picha ya kifuniko kabla hujatoka nyumbani."